Taja bei kabla hujashika simu: nilivyofanya picha za bidhaa kuwa kazi ya kulipwa



Leo naongea na yule dada au kaka ambaye picha za bidhaa zake zinapendwa, kila siku anaulizwa inboksi "nani anakupigia picha?", na ameanza kuwaza kwamba hii nayo inaweza kuwa kazi. Inaweza. Mimi nauza mikoba na viatu vya kike Mbagala, nimeishia kidato cha nne, na sijawahi kukaa darasa la picha hata siku moja. Sasa hivi karibu nusu ya pesa yangu ya mwezi inatokana na kuwapigia picha wauzaji wengine.

Ila kabla sijafika hapa, kazi hiyo hiyo ilibaki kidogo initoe kwenye fremu yangu. Nitawasimulia yote, na hesabu nitaziweka wazi ili wewe usipite nilikopita mimi.

NILIANZA KWA KUKWAMA

Nilikuwa nachukua mikoba Kariakoo, nikirudi naposti picha nilizopewa na muuzaji wa jumla. Si mnazijua zile, mkoba umepigwa ng'ambo huko, nyuma kuna gari la kifahari. Shida ni kwamba kila aliyechukua mzigo pale alikuwa na picha hizo hizo. Wateja wakawa wananiuliza: "Hiyo ni picha yako au ya mtandaoni? Nipigie ulionao hapo." Nami napiga usiku, chini ya taa ya njano, mkoba uko kitandani juu ya shuka la maua. Nikishatuma, mteja kimya.

Siku moja dada mmoja wa Morogoro akalipia mkoba mwekundu. Nikautuma kwa basi. Ulipofika akanipigia: "Mdogo wangu, mimi nimelipia mwekundu, huu ni damu ya mzee." Nikaangalia picha yangu, kweli ulionekana mwekundu. Nikaangalia mwingine wa aina hiyo uliobaki dukani, kweli ni damu ya mzee. Nikamrudishia pesa yake, na gharama ya mzigo kwenda na kurudi ikawa juu yangu. Faida ya mikoba mitatu ikaondoka na basi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kupiga picha kwa akili. Haya ndiyo yaliyonisaidia, na hayahitaji kamera:

1. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini kila unapoanza. Simu inakaa kwenye mkoba na mfukoni, ina mafuta ya vidole. Ukungu mwingi unaouona kwenye picha ni uchafu tu.

2. Tumia mwanga wa dirisha, zima taa ya ndani. Mwanga wa mchana na taa ya njano vikichanganyika, simu inashindwa kujua nyeupe ni ipi, na rangi zote zinaharibika. Ndicho kilichoniponza kwenye ule mkoba. Mimi napiga kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi, au saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni. Jua la saa sita hapa kwetu liko utosini, kivuli kinakuwa kikali. Kama jua linaingia moja kwa moja, ning'iniza pazia jepesi jeupe dirishani, mwanga utatulia.

3. Karatasi ya manila nyeupe inatosha kuwa studio. Ibandike ukutani, ishuke mpaka mezani bila kuikunja, ipinde taratibu tu. Hapo hutaona mstari kati ya ukuta na meza. Karatasi nyingine nyeupe isimamishe upande wa pili wa dirisha, itarudisha mwanga kwenye upande wenye kivuli.

4. Gusa bidhaa kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka simu ifunge mwanga hapo. Halafu punguza au ongeza mwanga kwa kidole. Vitu vyeupe vinahitaji kuongezwa kidogo, vyeusi vinahitaji kupunguzwa, maana simu inataka kuvifanya vyote viwe kijivu.

5. Usivute karibu kwa vidole, sogea wewe. Simu nyingi zikivuta zinakata tu picha na kuikuza, ndiyo maana mshono wa kiatu unaonekana kama umepakwa uji.

6. Piga mbele, nyuma, ndani, zipu, na moja ikiwa imeshikwa na mtu ili ukubwa ujulikane. Kama kuna mkwaruzo, upige. Ukimaliza, weka picha pembeni ya bidhaa yenyewe kwenye mwanga wa mchana ulinganishe rangi kabla hujatuma.

Ndani ya miezi michache maswali ya "ni yako kweli?" yakapungua. Na majirani wakaanza kuja.

PESA YA KWANZA, NA UJINGA WA KWANZA

Wa kwanza alikuwa dada wa fremu ya tatu kutoka kwangu, anauza mafuta ya nywele. Akanipa soda na 5,000. Nikaona nimeokota. Wa pili akanipa 8,000. Wa tatu akaniita Sinza, nikapiga bidhaa 20 kwa 10,000. Nikarudi nimechoka lakini moyo mweupe, nikajiambia sasa mimi ni mpiga picha.

Kisha ikaja kazi kubwa. Duka moja la magauni, sitalitaja, likanipigia kuelekea Sikukuu ya Idi. Magauni 60, wanataka yavaliwe na modo, wanayataka ndani ya siku nne. Nikauliza kwa aibu, "Na kuhusu malipo?" Sauti upande wa pili ikacheka: "Dada, kazi kwanza, sisi hatuna shida, tutaelewana tu."

Na mimi nikacheka. Nikasema sawa. Kichwani nilishajipangia 150,000, lakini mdomo wangu haukuitaja. Niliogopa nikitaja bei wataita mwingine.

Sikuwa na pesa ya kuanzia, nikachukua kwenye kodi. Nilikuwa nakusanya 300,000 ya miezi mitatu, imebaki wiki tatu baba mwenye fremu aje. Nikatoa 20,000 kukodi taa mbili, maana ukumbi waliotupa hauna madirisha. Nauli na chakula cha watu wawili, 15,000. Modo alikuwa binti wa saluni jirani, mrefu, mcheshi, tukakubaliana 20,000 kwa siku, siku mbili. Jumla 75,000. Fremu nikaifunga siku mbili nzima.

Tukafanya kazi. Yule binti alibadilisha gauni mara 60 kwenye chumba chenye joto, bila kunung'unika. Nikakesha naziweka sawa picha, nikazituma zote, safi, kubwa, hazina hata jina langu.

Jibu likaja kesho yake: "Bosi hajaridhika, nyingi hazijakaa vizuri. Tutakucheki."

Siku mbili baadaye nikaingia kwenye ukurasa wao. Nikahesabu picha zangu 14, chini yake watu wanauliza bei na saizi. Gauni la kijani lilikuwa limeandikwa "limeisha". Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikaandika ujumbe, ukasomwa, basi.

Usiku ule sikulala. Sikuwaza hata ile 150,000. Nilikuwa nawaza 40,000 za yule binti, maana yeye hakukubaliana na duka, alikubaliana na mimi. Kila asubuhi nikifungua fremu anapita anasema "mambo dada", hadai, na kule kutodai ndiko kulikonimaliza.

Nilifanya nini? Niliuza mikoba 11 kwa bei ya kununulia ili nifikishe kodi. Binti nikamlipa kwa awamu tatu. Duka lile baada ya wiki tatu likanitumia 30,000 na ujumbe wa "pole na usumbufu". Nikaipokea. Ingekuwa vizuri niseme niliirudisha kwa heshima zangu, lakini hiyo pesa ilienda moja kwa moja kwa binti.

Kuna mtu aliniambia niwashitaki, kwamba picha ina mwenyewe. Ni kweli, Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha ni kati ya kazi zinazolindwa, na kuna ofisi ya COSOTA inayoshughulika na mambo hayo. Lakini ningeenda kusema nini? Bei haikutajwa. Idadi ya picha haikuandikwa. Nani atazitumia na wapi, hakuna. Nilichokuwa nacho ni "tutaelewana tu".

Nilikasirika nao muda mrefu, na walikosea, sitawatetea. Ila ukweli ni kwamba hata mimi sikuwahi kuwauzia kitu. Ningemuuzia mtu mkoba bila kutaja bei? Nisingeweza. Kwenye mkoba ni mfanyabiashara, kwenye picha nikawa mtu anayesubiri huruma.

NIKAKAA NA DAFTARI

Baada ya hapo nikachukua ile kazi ya Sinza, bidhaa 20 kwa 10,000, nikaipigia hesabu kama ninavyopiga hesabu ya mzigo wa Kariakoo:

Nauli kwenda na kurudi: 6,000
Manila na gundi: 2,500
Bando la kutuma picha: 3,000

Hapo tu ni 11,500. Yaani nilifanya kazi siku nzima halafu nikaongezea 1,500 yangu mfukoni! Na bado sijahesabu muda.

Muda nilihesabu hivi. Fremu yangu siku ya kawaida inanipa faida ya kama 24,000 kwa saa nane. Kwa hiyo saa yangu moja ni 3,000. Kupiga bidhaa 20 kulichukua saa tatu, kuchagua na kuhariri saa nne, kuongea na mteja na kutuma saa moja. Saa nane, 24,000.

Kisha simu. Niliinunua 480,000, nikaipa miaka miwili ya kuishi. Ni 20,000 kwa mwezi. Nikipata kazi nne kwa mwezi, kila kazi ichangie 5,000, la sivyo siku ikifa nitaanza kukopa.

Jumla 40,500. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya faida na siku isiyo na kazi, nikafika 50,000. Hiyo ni 2,500 kwa bidhaa, na kila bidhaa napiga pande tatu. Wewe namba zako zitakuwa nyingine, huenda unaishi Mwanza au Mombasa, huenda huna fremu. Lakini fanya hesabu hiyo leo kabla hujalala. Bei ikitoka kwenye daftari, mdomo hauoni aibu kuitaja.

UJUMBE NINAOUTUMA SIKU HIZI

Sina mwanasheria. Nina ujumbe mmoja wa WhatsApp ambao kila mteja anaupata kabla sijatoka nyumbani. Uchukue, uubadilishe:

"Habari dada/kaka. Asante kwa kunipa kazi. Tumekubaliana hivi: bidhaa 20, picha 3 kila moja, jumla 50,000. Nusu, 25,000, inalipwa kabla ya siku ya kupiga, nusu ukishachagua picha. Picha za kuchagua nitakutumia ndogo zenye jina langu, kubwa zisizo na jina nitazituma malipo yakikamilika. Marekebisho ni mara moja bila malipo, ukitaka kurudia upya ni kazi mpya. Picha utazitumia kwenye kurasa zako na WhatsApp yako. Ukitaka kuzitumia kwenye bango au kumpa muuzaji mwingine, tuongee kwanza. Nami naomba ruhusa ya kuonyesha baadhi kama mfano wa kazi yangu. Kama umekubali, nijibu NIMEKUBALI."

Ujumbe huo umenipunguzia maneno mengi. Nieleze kidogo kwa nini kila sentensi ipo.

Nusu ya kwanza ndiyo inayolipa nauli, manila na modo. Kodi ya fremu siigusi tena. Mteja asiyeweza kutoa nusu kabla, usitegemee atatoa nzima baadaye.

Picha ndogo zenye jina zinamwezesha mteja kuchagua bila wewe kubaki mtupu. Zile kubwa zitume kama dokumenti, usizitume kama picha za kawaida, maana WhatsApp inazibana na ubora unashuka. Nilishawahi kulalamikiwa kazi mbovu kumbe ni hilo tu.

Marekebisho mara moja, kwa sababu "hebu punguza kidogo" haina mwisho. Na rangi ya bidhaa siibadilishi hata mteja akiomba ing'ae zaidi. Namwambia kisa cha damu ya mzee. Atakayerudishiwa mzigo ni yeye, na atakayelaumiwa ni mimi.

Kama kuna modo, naye ana ujumbe wake: analipwa kiasi gani, lini, na picha zake zitaonekana wapi. Sura ya mtu si kitu cha kuchezea, na nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mimi modo namlipa siku hiyo hiyo, kabla hata mimi sijamaliziwa changu.

Je, wateja walikimbia? Baadhi, ndiyo. Mwezi wa kwanza watu wanne waliuliza, watatu wakapotea baada ya kuona bei. Niliumia. Lakini yule mmoja aliyebaki alinilipa 50,000, zaidi ya nilichopata kwa wale watatu wa mwanzo nikiwajumlisha, halafu akaniletea shoga yake anayeuza vyombo.

UKITAKA KUANZA, ANZA HIVI

Usikimbilie kununua kamera. Piga kwanza bidhaa zako, kisha omba majirani watatu wanaouza vitu tofauti: nguo, chakula, vyombo. Wapigie bidhaa mbili mbili bure, na useme wazi kwamba ni bure kwa sababu unatafuta mifano. Bure yenye mpaka ni mtaji. Ikikosa mpaka, ni ile ile "tutaelewana".

Weka picha ya zamani ya muuzaji na ya kwako pamoja, kwa ruhusa yake. Muuzaji hahitaji maelezo mengi akiona sufuria lile lile likiwa giza na likiwa safi. Na sufuria, chupa za manukato na vitu vyote vya kung'aa, zungushia karatasi nyeupe pande zote, maana vinaonyesha kila kitu mpaka sura yako.

Jifunze aina moja vizuri kabla ya zote. Mimi nilikaa na mikoba na viatu karibu mwaka mzima. Vyombo vilikuja baadaye, chakula mpaka leo nakataa, nampa mwenzangu anayekiweza. Naye akipata mikoba ananipa mimi.

Hifadhi kila kazi sehemu mbili, kwenye simu na kwenye flashi au akaunti ya mtandaoni. Mteja mmoja alifuta picha zake zote kwa bahati mbaya, nikamtumia tena ndani ya dakika kumi. Huyo hanitoki tena.

Pesa ya picha usiichanganye na ya duka. Mimi nina laini mbili. Nikichanganya, nitaona faida mahali ambapo hakuna.

Mwezi uliopita lile duka la magauni lilinitafuta tena. Namba mpya, mhudumu mpya, nadhani hakuwa akijua kitu. "Dada tumeona kazi zako, tuna magauni 40." Moyo ulinidunda. Nikafungua ule ujumbe wangu, nikaweka idadi, bei na nusu ya kwanza, nikamtumia. Akajibu, "Ngoja nimuulize bosi." Mpaka leo bado anamuuliza.

Asubuhi ile nilifungua fremu yangu kama kawaida. Yule binti wa saluni alipita, nikamwambia Jumamosi kuna viatu vya kupiga, jozi 15. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Ujumbe wangu umeshauandika?" Nikamtumia palepale.

Sasa na wewe niambie hapo chini: kazi yako ya mwisho ya picha uliifanya kwa kiasi gani, na ukitoa nauli na bando ulibaki na ngapi? Tupige hesabu pamoja. Na kama una rafiki anayeambiwa "tutaelewana" wiki hii, mtumie hii kabla hajatoka nyumbani.